Mabembea ya ufukweni yakaguliwe kabla ya Idi, yasifukuzwe

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumzie bembea la kuzunguka, lile la kusukumwa kwa mikono, linalofungwa ufukweni na viwanjani hapa Dar es Salaam siku za sikukuu. Mtu mzima aliyekulia jiji hili ukimwuliza Idi ya utotoni mwake ilikuwaje, hachelewi kulitaja: mlingoti mmoja wa chuma, mikono minane juu yake, viti vinavyoning'inia kwa minyororo, na vijana wawili watatu wanaokimbia mduara wakilisukuma mpaka viti vinapaa. Halina injini. Halitoki kiwandani, linatoka kwenye karakana za kuchomelea za mitaani, na moyo wake ni habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya lori lililokwisha kazi.

Wapo wanaotaka mabembea haya yaondolewe kabisa kwa sababu ni ya kienyeji. Wapo wanaosema yamebeba watoto miaka yote, basi yaachwe kama yalivyo. Sisi tunaofanya kazi ya vyuma hatuko upande wowote kati ya hizo mbili. Bembea hili linaweza kuwa salama kwa gharama ndogo sana, na linaweza kumwumiza mtoto vibaya kwa sababu ya nati moja. Tofauti iko kwenye mambo ambayo mzazi aliyesimama pembeni na pochi yake hayaoni, na hayo ndiyo tunayotaka kuyaeleza kwa vipimo.

Tuanzie chini, kwenye miguu, kwa kuwa huko ndiko hatari kubwa iliko na ndiko kunakoangaliwa kidogo. Chukua bembea la kawaida la viti 8: uzito wake kilo 200, mikono ina urefu wa mita 2.4 na iko mita 2.2 juu ya ardhi, miguu minne imetandazwa msalaba, kila mmoja mita 1 kutoka kwenye mlingoti. Wakikaa watoto wanne wa kilo 30 kwenye viti vinne vya upande mmoja, bembea likiwa limesimama, nguvu ya kuliangusha ni kama robo tatu ya nguvu inayolishikilia. Halianguki, na mwenye nalo huridhika. Lisukume sasa lizunguke mara moja kila sekunde 5. Minyororo inavuta kwenda nje, mvuto huo uko juu mita 2.2, na nguvu ya kuliangusha inazidi ile ya kulishikilia kwa theluthi moja. Likisimama lilikuwa zima, likizunguka linalala.

Kuna jambo jingine hapo ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Bembea la miguu minne halianguki kuelekea mguu, linaanguka katikati ya miguu miwili. Mguu wa mita 1 unakupa egemeo la sentimita 70 tu upande huo. Kwa hiyo usipime urefu wa mguu ukadhani umepima usalama. Pima kutoka kwenye mlingoti mpaka kwenye kamba uliyoinyoosha kati ya ncha za miguu miwili.

Dawa yake ni rahisi. Refusha miguu ifike mita 1.5, kisha weka kiroba cha mchanga cha kilo 50 kwenye ncha ya kila mguu. Kwa watoto wale wale na mwendo ule ule, nguvu ya kushikilia inakuwa karibu mara tatu ya nguvu ya kuangusha. Viroba vyenyewe havina gharama, mchanga upo hapo hapo. Angalizo: kiroba cha mchele cha kilo 50 kikijazwa mchanga pomoni hukaribia kilo 100, na vijana hawataweza kukibeba, wataishia kukiacha pale kilipojaziwa. Kijaze zaidi kidogo ya nusu, kishone mdomo, na ukifunge kwenye mguu kwa kamba ili kisiteleze. Chini ya kila ncha weka kipande cha mbao nene ya inchi 2, sentimita 60 kwa 60, ili mguu usizame. Ukimaliza, weka pimamaji kwenye mlingoti pande mbili, kwa sababu mlingoti ulioinama hufanya viti vijikusanye upande wa bondeni kila unapopunguza mwendo.

Wengine hawatumii miguu. Wanachimba shimo na kuuzika mlingoti mchangani. Kwenye kiwanja cha udongo mgumu hilo linawezekana. Ufukweni hatulikubali. Mchanga mkavu au wenye unyevu kidogo hushika nguzo vizuri, lakini maji yakipanda ndani yake, uzito unaobana ile nguzo hupungua karibu nusu, na mtikisiko wa kila mzunguko humalizia kazi. Shimo lililokuwa imara asubuhi linakuwa legevu jioni, na hakuna anayeona kilichobadilika.

Hapa tuzungumze kuhusu bahari yenyewe. Mvuvi yeyote wa Msasani au Kigamboni anajua kwamba bamvua, yaani maji makubwa, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Idi el-Fitri ni mwezi mosi Mfunguo Mosi, mwezi ukiwa umeandama tu, kwa hiyo kila mwaka huangukia kwenye bamvua. Siku hizo maji ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na hujaa alasiri, kama saa 10 au saa 11. Ni saa ile ile ambayo watoto wamekwishakula pilau, wamevaa nguo zao mpya na wameletwa ufukweni. Fundi anayefunga bembea saa 4 asubuhi hukuta maji yamekupwa, ufuko mpana na mchanga mgumu kama sakafu. Anaona pazuri, anafunga hapo. Saa sita baadaye wimbi linachimba chini ya miguu. Idi el-Hajj ni tofauti: mwezi 10 Mfunguo Tatu bamvua haijarudi, maji hujaa karibu na adhuhuri, na jioni yanakupwa. Ndiyo maana mtu anaweza kufunga bembea mahali pamoja Idi moja bila tatizo, Idi nyingine likaegama.

Kanuni yetu ni hii: tafuta mstari wa mwani na takataka ulioachwa na maji ya usiku, panda juu yake angalau mita 5, na uhakikishe pako juu kwa nusu mita zaidi ya mstari huo. Kama ufuko hauna nafasi hiyo, bembea lipelekwe kiwanjani ng'ambo ya barabara. Wateja watalifuata.

Anayedhani hofu hii ya mchanga kuchimbwa ni ya mafundi wa mitaani peke yao, asome habari za Magnus Volk wa Brighton, Uingereza. Mwaka 1896 alifungua reli ya umeme iliyopita ndani ya maji ya bahari, yenye gari moja kubwa lililosimama juu ya miguu mirefu ya chuma, kama mita 7, lililoweza kubeba abiria 150. Lilikuwa burudani ya ajabu kuliko zote za pwani ya wakati wake, na kisheria lilibidi liwe na nahodha na mashua ya kuokolea. Lilifunguliwa tarehe 28 Novemba, na haikupita wiki moja dhoruba ikaliangusha. Likatengenezwa, likarudi kazini mwaka 1897. Baadaye kuta za kuzuia mmomonyoko zilizojengwa karibu na njia yake zikabadilisha mwendo wa maji, mchanga ukachimbwa chini ya mataruma ya reli, na mwaka 1900 safari zikasimama kwa muda; mwaka 1901, halmashauri ilipotaka njia ihamishwe ipishe ujenzi mwingine wa kulinda ufuko, zikakoma kabisa. Volk alikuwa mhandisi hodari. Reli yake nyingine, aliyoianza mwaka 1883 nchi kavu kando ya ufuko huo huo, inaendesha abiria hadi leo.

Tupande juu sasa, kwenye habu. Mafundi waliochagua habu ya lori walichagua vizuri. Ina beringi mbili za koni zilizotengenezwa kubeba tani kadhaa, na zinaweza kubeba mzigo wa juu na wa ubavuni kwa pamoja. Tatizo ni kwamba kwenye lori habu imelala, kwenye bembea imesimamishwa. Beringi kubwa lazima iwe chini, maana ndiyo inayobeba uzito wote, na ile ndogo juu, karibu na nati. Kifuniko cha grisi, ambacho wengi hukitupa kwa kuwa kinazuia kuweka taa au bendera kileleni, ndicho kinachozuia mvua na mchanga visiingie. Bila hicho, maji huteremka moja kwa moja kwenye beringi. Ukitoa grisi kidogo kwa kidole ukaikuta nyeupe, ujue imeingiwa maji. Habu ifunguliwe yote, ioshwe kwa mafuta ya taa, ikaushwe, beringi zikaguliwe kama zina vidoa au mikwaruzo, kisha ipakwe grisi mpya. Kuongeza grisi juu ya ile iliyooza ni kujidanganya.

Nati ya juu inafungwa hivi: kaza huku ukizungusha habu kwa mkono mpaka uone inakuwa nzito, kisha rudisha nyuma kati ya moja ya sita na robo ya mzunguko, mpaka tundu la kotapini, kile kipini kinachozuia nati isifunguke, likutane na mwanya wa nati. Tia kotapini mpya, ikunje ncha zote mbili. Msumari si kotapini. Waya wa kufungia nondo si kotapini. Bembea huzungushwa upande mmoja siku nzima, na kila mtoto mzito anapopita huisukuma nati kidogo, isipofungwa, itafunguka. Ikitoka, habu inayumba, beringi ya juu inaacha kikombe chake, na mikono yote minane inalala upande mmoja na watoto wake. Kipimo cha haraka ambacho kila msimamizi anaweza kukifanya: shika ncha ya mkono mmoja, uinue na kuushusha. Ncha ikicheza zaidi ya sentimita 1, bembea lisimame, nati iangaliwe.

Mikono mingi hutengenezwa kwa skwea paipu ya milimita 50 kwa 50, unene wa milimita 3. Kwa mtoto wa kilo 30 inatosha. Kijana wa kilo 80 akikaa kwenye ncha ya mita 2.4, chuma hicho kinafika ukingoni mwa uwezo wake kwenye shina, pale kilipochomelewa, hata kabla ya bembea kuzungushwa. Kwa hiyo wakubwa wasipande, hata kama wamelipa mara mbili. Na fundi mzuri hauachi mkono peke yake: huweka bomba fupi juu ya habu, akavuta fimbo za chuma kutoka hapo mpaka kwenye ncha za mikono, kisha akaziunganisha ncha zote kwa duara. Fimbo hizo ziwe za chuma laini cha mviringo. Nondo za ujenzi zenye mistari mara nyingi zina kaboni nyingi, na pembezoni mwa mchomeleo hugeuka ngumu na kupasuka.

Kuhusu kutu, watu wa pwani hatuhitaji kuhubiriwa, ila tuseme jambo moja. Kutu inayoonekana nje si mbaya kama ile iliyo ndani ya paipu. Chumvi na unyevu vikiingia ndani havitoki, na paipu huliwa huku rangi ya nje inang'aa. Toboa tundu la milimita 8 sehemu ya chini kabisa ya kila paipu ili maji yatoke, na kila mwaka gonga kwa nyundo ndogo kuanzia kwenye shina hadi kwenye ncha: sauti ikiacha kulia kama kengele na kuwa butu, kata uone. Nyufa za mchomeleo hutafutwa kwa mafuta ya taa na chaki. Safisha kiungo mpaka chuma kionekane, paka mafuta ya taa, subiri nusu saa, futa pakauke, kisha pakaza unga wa chaki. Penye ufa mafuta yatarudi juu na kuchora mstari kwenye chaki. Ufa ukipatikana usipigwe mchomeleo juu yake. Usagwe wote mpaka uishe, ndipo pajazwe upya.

Minyororo ya viti ipimwe kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, mahali pete mbili zinaposuguana, si katikati ya pete ambapo haijaguswa. Mnyororo wa milimita 8 ukifika milimita 7.2 umekwisha, uondolewe. Usiunganishwe kwa kuchomelea pete mpya, wala kwa ndoano ya umbo la S iliyoachwa wazi. Bolti na nati yenye kufunga, basi.

Viti vya plastiki vilivyokatwa miguu vimeenea kwa kuwa ni rahisi, lakini plastiki iliyokaa juani hupoteza nguvu na huvunjika ghafla. Kikitumika, kikae ndani ya fremu ya chuma, na mnyororo ufungwe kwenye fremu, usifungwe kwenye plastiki. Mbele ya mtoto pawe na fito au mkanda unaofungika. Nafasi zilizo wazi kwenye kiti na mgongo wake zisiwe kati ya sentimita 9 na 23, maana hizo huruhusu mwili wa mtoto kupenya na kichwa kukwama. Siku ya Idi ongezeni jambo la nguo: mitandio mirefu, kanzu na madera ya wasichana yakunjwe chini ya mapaja, na ncha za mtandio zifungwe nyuma kabla bembea halijaanza. Kitambaa kikinasa kwenye mnyororo wa kiti cha jirani, shingo ndiyo inayovutwa.

Mwendo ndio unaogombanisha watu zaidi. Watoto wanataka kupaa, na wasukumaji wanataka kuwafurahisha. Kwa bembea la vipimo tulivyotaja, lenye minyororo ya mita 1.5, mzunguko mmoja kwa sekunde 5 huinua viti nyuzi 26 na mtoto huenda kama kilomita 14 kwa saa. Mnyororo unabeba sehemu ya kumi tu zaidi ya uzito wa mtoto. Kwa sekunde 3, viti hufika nyuzi 59, mwendo unakuwa kilomita 28 kwa saa, na mnyororo unabeba karibu mara mbili ya uzito wa mtoto. Ndiyo kusema kiti kilichomudu jana kinaweza kukatika leo bila mtoto kunenepa. Mzazi anaweza kupima mwenyewe kwa simu: mizunguko 10 isipungue sekunde 50. Ikipungua, mwambie kijana apunguze, na kijana asione amedharauliwa. Uzio wa kamba uwe mita 5 kutoka kwenye mlingoti, pande zote, na mlango uwe mmoja.

La kusimamisha ndilo linalotusikitisha, kwa sababu suluhisho lake hutupwa jalalani. Mabembea mengi hayana breki. Vijana huning'inia kwenye mikono na kuburuzwa mpaka lisimame, na anayeteleza hukutana na mkono unaofuata. Ilhali habu ya lori huja na ngoma yake ya breki. Iachwe hapo hapo, viatu vya breki vifungwe kwenye mlingoti, na vivutwe kwa waya wa hendibreki wenye mpini chini, nje ya mduara. Breki ivutwe polepole, bembea lisimame baada ya mizunguko miwili au zaidi, kwani likikatishwa ghafla viti hurushwa mbele na kugongana.

Ndugu Mhariri, ombi letu ni kwa halmashauri za manispaa zenye fukwe na viwanja vya sikukuu. Bembea ni sehemu ya kazi kwa vijana wanaolisukuma, na tayari ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Upo pia mfululizo wa viwango vya kimataifa vya mitambo ya burudani, ISO 17842, wenye sehemu tatu: usanifu na utengenezaji, uendeshaji, na ukaguzi. Hatusemi fundi wa mtaani apewe vitabu hivyo. Tunasema walimu wa chuo cha ufundi stadi cha VETA Chang'ombe na wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) waombwe kuvifupisha viwe ukurasa mmoja wa Kiswahili, na mkaguzi apite siku mbili kabla ya Idi, si siku yenyewe ambapo kila mtu ana haraka. Achukue kalipa, nyundo, pimamaji, futi ya kamba, kopo la mafuta ya taa na kipande cha chaki. Aweke viroba vya kilo 40 kwenye viti vinne vya upande mmoja, bembea lizungushwe dakika 10 kwa mwendo wa sekunde 5, kisha aangalie kama mguu wowote umenyanyuka au kuzama, na kama ncha za mikono zimeanza kucheza. Lililofaulu lipigwe kibati chenye tarehe na idadi ya watoto linaowabeba. Lililoshindwa mwenyewe aelezwe kasoro gani, kwa maandishi, apewe nafasi ya kulirudisha kesho yake. Nyingi ya kasoro hizi zinarekebishika kwa siku moja, na vifaa vyake vyote vinapatikana Gerezani.

Mafundi wa vyuma,
Gerezani, Dar es Salaam